Mji wa Kale wa Mombasa si wa wenye mifuko mizito pekee

Mhariri,

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ndefu, magazeti yetu, likiwemo hili lenu, huanza kuchapisha habari za Pwani ambazo karibu zote zinafanana: hoteli za ufuoni zimejaa, bei za vyumba zimepanda, na wenye hoteli wamefurahi. Sina ugomvi na habari hizo, kwa kuwa ni za kweli na zinagusa riziki ya watu wengi. Ugomvi wangu ni na imani ambayo zimetujengea sisi wakazi wa magharibi mwa Kenya, kwamba Pwani ni bwawa la kuogelea na meza ndefu ya vyakula vya kujipakulia, na kwamba asiyeweza kugharimia vitu hivyo viwili hana shughuli huko isipokuwa ya kutafuta kazi au ya kuhudhuria matanga. Naandika kutoka Mumias kuipinga imani hiyo. Miji ya kale ya Pwani, ambayo ndiyo yenye mengi zaidi ya kuona na kujifunza, ndiyo pia iliyo nafuu zaidi kwa mtu wa mapato ya kawaida, na mtu huyo akiiendea kwa mpango ataifahamu kuliko mgeni anayepitishwa humo kwa saa moja na kurejeshwa garini kabla jasho halijamtoka.

Ni vigumu kupata ukoo katika kaunti za Kakamega, Vihiga, Busia, Siaya au Kisumu usio na mtu wake Mombasa. Yuko Changamwe, yuko Mikindani, yuko Likoni au Bamburi. Ni mfanyakazi wa bandari, askari wa lango, muuguzi, dereva wa lori au mwalimu kama mimi. Tunawatembelea jamaa hao. Tunalala kwao, tunakula ugali uleule na omena ileile tuliyoizoea, tunaamua mambo ya mahari au ya shamba yaliyotupeleka, kisha tunapanda basi la usiku kurudi nyumbani, na wengi wetu hatujawahi kupanda matatu ya kuvuka Makupa, kuingia kisiwani na kushuka karibu na Fort Jesus. Niliwahi kuwauliza wenzangu katika chumba cha walimu. Waliowahi kufika Mombasa walikuwa wengi. Waliowahi kuingia ndani ya ngome walikuwa wachache mno, na karibu wote waliingia wakiwa wanafunzi, wakisukumwa katika foleni na mwalimu aliyekuwa akitazama saa. Kwa maneno mengine, gharama kubwa ya safari, yaani nauli na malazi, tayari tunaigharimia kwa sababu nyingine, na kilichobaki ni nauli ndogo ya matatu na siku moja ya kutembea.

Unafuu huo hautokani na hisani ya mtu bali na namna mji wenyewe ulivyojengwa. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba ili nyumba za upande mmoja zitilie kivuli nyumba za upande wa pili na upepo wa baharini upate njia, na kwa hiyo kuna sehemu nyingi ambazo gari halifiki hata kwa mwenye uwezo wa kulikodi. Wote hutembea kwa miguu, tajiri na maskini, na anayetembea polepole ndiye anayeona zaidi. Vilevile mapambo ya nyumba yako upande wa njiani. Milango iliyochongwa na roshani za mbao zinazotokeza juu ya barabara ya Ndia Kuu zilitengenezwa na watu waliotaka heshima ya nyumba yao ionwe na wapita njia, na baraza za mawe zilijengwa mbele ya milango ili wageni na majirani wakae hapo wazungumze bila kuingia ndani kwa watu. Hakuna anayekata tiketi ya kutazama mlango.

Ngomeni, kama wenyeji wanavyopaita Fort Jesus, ndipo mahali pa pekee katika matembezi haya ambapo utalipa kiingilio. Raia wa Kenya hutozwa sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni wa kutoka nje, mradi aonyeshe kitambulisho, na malipo hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo (mzee asiyezoea mambo hayo na aandamane na kijana). Watu wengi hulipa, hupiga picha juu ya mzinga, na baada ya nusu saa wamekwisha kutoka, jambo ambalo kwangu ni kutupa pesa. Ngome hiyo inastahili asubuhi nzima. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya msanifu wa Kiitalia, Giovanni Battista Cairati, juu ya jabali la matumbawe kwenye mdomo wa bandari, na ukisimama juu ya ukuta wake utaelewa bila kuelezwa na yeyote kwa nini walipachagua hapo, kwa kuwa hakuna chombo kingeweza kuingia bandari ya zamani bila kupita mbele ya mizinga yao. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na kuzingirwa huko kukaendelea hadi Desemba 1698. Wengi wa waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi. Meli iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 mbele ya ngome yenyewe, na baadhi ya vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimewekwa katika jumba la makumbusho mle ndani. Kuna pia michoro ya meli na samaki ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, na michoro hiyo, ambayo wageni wengi huipita bila kugeuka, kwangu mimi inavutia kuliko mizinga yote. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mtu anayeingia akiyajua hatahitaji mengi zaidi ili pesa yake ya kiingilio imfae.

Ukitoka Ngomeni, fuata Ndia Kuu uende nayo taratibu. Utafika kwenye Msikiti wa Mandhry, ambao unatajwa kuwa ulijengwa mnamo 1570 na ambao mnara wake mweupe hauna kifani mjini, na mbele kidogo utafika kwenye uwanja ulio juu ya Bandari ya Kale. Hapo ndipo majahazi yalipotia nanga kwa karne nyingi, yakija kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa upepo wa Kaskazi na kuondoka kwa upepo wa Kusi, hadi biashara kubwa ilipohamia Kilindini ambako maji yana kina cha kutosha meli za chuma. Ukiendelea utaingia sehemu ya maduka ambako mji wa kale na mji mpya vinachanganyika, na humo nawashauri akina mama wa huku kwetu watenge muda kwa ajili ya Biashara Street. Leso ambazo hutufikia Mumias zikiwa zimepitia mikono ya wachuuzi kadhaa, kila mmoja akiongeza chake, hupatikana pale kutoka kwa maduka ambayo yamekuwa yakiuza bidhaa hiyo kwa vizazi, na mafundi wa kushona pindo wamekaa pale pale na vyerehani vyao. Hata asiyenunua atapata elimu ya bure kwa kusoma majina ya leso zilizotundikwa, ingawa wauzaji wana haki ya kutarajia kwamba aliyefunguliwa leso kumi atanunua angalau doti moja. Kutoka hapo hadi Marikiti, kwa wauza viungo, si mbali, na mdalasini, iliki na bizari ya kupimiwa kwa gramu ni zawadi nyepesi ya kubeba na isiyochacha njiani.

Kuhusu chakula nina maoni makali kidogo. Mtu aliyesafiri kutoka magharibi mwa Kenya hadi Mombasa kisha akaketi katika mkahawa wa chipsi na kuku, kwa bei ile ile ya Kisumu au zaidi, amejipunja mwenyewe. Chakula kizuri cha Mji wa Kale ndicho cha bei nafuu, kwa sababu ni chakula ambacho wakazi wenyewe hununua kila siku, na muuzaji anayewapandishia majirani zake bei hatauza kesho. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi, ambazo gharama yake haijatofautiana sana na chai na andazi za stendi yetu. Mchana kuna wali wa nazi kwa samaki au maharagwe katika mikahawa midogo isiyo na ubao wa matangazo, ambayo utaitambua kwa wingi wa wanaume wanaoingia baada ya swala ya adhuhuri. Jioni huchomwa mshakiki na hukaangwa viazi karai vinavyoliwa kwa ukwaju, na baada ya hapo hupita muuza kahawa chungu na dele lake, na kashata za nazi au za njugu kwa anayetaka kuondoa uchungu mdomoni. Kijana mwenye tumbo kubwa anaweza kula mara nne kwa siku namna hiyo kwa pesa ambayo isingemtosha chakula kimoja cha mchana katika hoteli ya ufuoni.

Ila ajue saa za mji. Katikati ya mchana jua ni kali, maduka mengi hufungwa, na anayezunguka wakati huo ataona milango iliyofungwa na kurudi akisema mji umekufa. Mji huamka mapema, hulala mchana, na huamka tena baada ya alasiri, na mtu wa bajeti ndogo anapaswa kufuata mpango huo huo kwa kuwa mapumziko ya mchana kwa jamaa au gesti hayana malipo ya ziada. Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika: mikahawa mingi hufungwa mchana kutwa, na ni utovu wa adabu kutembea ukitafuna mbele ya watu waliofunga, lakini baada ya magharibi vichochoro hujaa vyakula na watu hadi usiku wa manane, na mimi nauona mwezi huo kuwa wakati mzuri kuliko wengi wanavyodhani.

Yapo pia mambo ya bure kabisa ambayo mtoto wa kutoka Butere au Ahero hatayasahau. Bustani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, haina kiingilio, na kutoka hapo, chini ya mibuyu ya miaka mingi, utaziona meli za makasha zikipita katika mlango wa bahari wa Kilindini karibu kiasi cha kuweza kuwahesabu mabaharia walio juu yake. Muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu huuzwa papo hapo, na madafu pia. Si mbali na hapo kuna feri ya Likoni, ambayo mtu anayevuka kwa miguu halipi chochote. Wakazi wa kule huiona feri kuwa adha ya kila siku, na wana haki, lakini kwa mtu ambaye chombo chake cha majini ni mtumbwi wa Nzoia au boti ya Dunga, kuvuka na kurudi ni safari ya baharini isiyomgharimu hata shilingi, mradi asiende asubuhi au jioni wakati watu wanapokimbilia kazini na majumbani.

Sasa nirejee kwenye nauli, kwa kuwa ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Yapo mabasi yanayokwenda moja kwa moja kutoka Busia, Kakamega na Kisumu hadi Mombasa, na kwa anayesafiri peke yake na asiye na watoto hiyo ndiyo njia isiyo na usumbufu, ingawa nauli yake hupanda sana mwezi wa Desemba. Kwa familia, mimi hupendelea kukata safari Nairobi na kupanda treni ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024, na watoto wadogo hulipa nusu. Tiketi hukatwa kwa simu, na katika likizo huisha mapema, kwa hiyo anayengoja hadi siku ya safari atajikuta mikononi mwa mabasi yaliyokwisha pandisha bei. Tena kuna treni ya mjini inayotoka kituo kikuu cha Nairobi hadi Syokimau kuwawahisha abiria wa SGR, nayo humwokoa mtu wa mizigo mingi na gharama ya teksi. Treni ya Mombasa huishia Miritini, nje ya kisiwa, na watu wa mjini hulalamikia umbali huo. Lakini kwetu sisi wenye ndugu Mikindani na Changamwe kituo hicho kiko karibu na mlango wa mwenyeji wetu.

Kuhusu mwenyeji huyo, sharti niseme jambo. Kulala kwa jamaa hakumaanishi kumwongezea mzigo mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja au viwili katika mji ambao unga na sukari hununuliwa. Anayekwenda na mfuko wa mahindi, kuku wa kienyeji na njugu za kutosha, na akatangulia kupiga simu wiki moja kabla, anapokelewa kwa furaha. Anayetokea usiku na watoto wanne na mikono mitupu anafanya utalii kwa gharama ya mtu mwingine. Asiye na jamaa, au asiyetaka kuwasumbua, atapata gesti za kawaida mjini ambazo bei zake katika likizo ya Aprili au Agosti huzungumzika kuliko za Desemba. Agosti hasa naipendekeza, kwa kuwa upepo wa Kusi huwa umepunguza joto, na mtu wa bara anaweza kutembea bila kuchoka upesi.

Mwenye siku ya ziada asiitumie kukaa ufuoni pekee. Apande matatu ya Malindi na kushuka Gede, ambako magofu ya mji wa Waswahili yamefunikwa na msitu. Mji huo ulistawi kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17, na kumbukumbu za Wareno haziutaji ijapokuwa walikuwa na makao Malindi, umbali wa kilomita zipatazo 15 tu. Kuna msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye vyoo na visima virefu, na vipande vya vyombo vya kaure kutoka China vilivyochimbuliwa humo vinaonyesha jinsi biashara yake ilivyofika mbali. Mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na nina hofu, ambayo naomba isitimie, kwamba sifa hiyo itakuja na bei mpya. Wenye nia waende sasa.

Lamu ni habari nyingine. Unatajwa kuwa mmoja wa miji mikongwe zaidi ya Waswahili ambayo watu hawajaacha kuishi ndani yake, una zaidi ya miaka 700, uko katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ngome yake ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Ukishafika, maisha yake ni nafuu kuliko inavyodhaniwa: hakuna gari la kukodi kwa kuwa njia ni za watu na punda, matembezi ya kilomita tatu kando ya maji hadi Shela hayana malipo, na ufuo wa huko ni wazi kwa kila mtu. Tatizo ni kufika. Basi kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu, na safari huchukua sehemu kubwa ya siku, pamoja na vizuizi vya usalama ambapo kila abiria huonyesha kitambulisho, kisha kuna boti ya kuvuka kutoka Mokowe. Ushauri wangu ni kwamba mwenye siku tatu au nne asiiguse Lamu, kwa sababu nusu ya muda wake itaishia barabarani, na mwenye wiki nzima aende huko moja kwa moja bila kuchelewa Mombasa, ila aepuke siku za Maulidi ikiwa hajapata pa kulala mapema, kwa kuwa mji hujaa.

Nimesema mengi juu ya kubana matumizi, na sitaki nieleweke vibaya, kwani ziko sehemu ambazo mtu hapaswi kubana hata kidogo. Ya kwanza ni malipo ya mwongozaji. Katika Mji wa Kale wapo watu wanaojua kila nyumba ilikuwa ya nani na ilijengwa kwa biashara gani, na familia mbili au tatu zikichangiana, malipo yake hayamuumizi yeyote. Patana naye bei kabla hamjaanza kutembea, mwombe kitambulisho chake cha kazi, na mkishapatana usimpunguzie mwishoni. Ya pili ni bei ya vitu vya mikono. Mtu ambaye hashindani bei na duka kubwa la Kisumu hata siku moja hugeuka mkali mbele ya mama anayeuza vikapu vya ukindu, akitaka kumshusha hadi nusu kwa sababu amesikia kwamba Pwani ni lazima ushindane bei. Kushindana kidogo ni mazungumzo na wenyeji huyafurahia. Kumnyima mtu faida yake ili ukasimulie nyumbani ni jambo jingine.

Na kuna heshima ambayo haigharimu kitu lakini wageni wa bara tunaisahau. Mji wa Kale ni makazi ya watu. Watoto wanaocheza kichochoroni ni watoto wa wenyewe na wasipigwe picha bila ruhusa. Bibi aliyekaa barazani aamkiwe shikamoo kabla ya kuulizwa njia. Na mavazi yafunike mabega na magoti, jambo ambalo kwa mwanamke leso moja ndani ya mkoba hulitatua. Mgeni anayeamkia vizuri mara nyingi huelekezwa njia na kuonyeshwa mambo ambayo hakuna kitabu cha watalii kinachoyataja. Na sisi, tofauti na mtalii wa kutoka Ulaya, tunayo lugha ya kuamkiana nao.

Si lugha pekee. Hapa Mumias historia ya Pwani si ya kigeni. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka Pwani ilipiga kambi hapa kwa watawala wa Wanga, na wakati wa Nabongo Mumia mji huu ulikuwa kituo chao kikubwa cha kupumzika na kununua vyakula. Uislamu uliingia kwa njia hiyo, na familia zilizotokana na misafara hiyo ziko nasi hadi leo. Baadaye ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali ambapo sasa ni Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Mwanafunzi wa Mumias anayesoma darasani juu ya misafara hiyo bila kupaona ilikoanzia amesoma nusu, na mzazi wake anayeamini kwamba safari hiyo ni ya watoto wa matajiri hana sababu ya kuamini hivyo.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu watatu. Kwa walimu wakuu wa shule zetu za magharibi: ratiba za ziara zetu za Mombasa hutoa saa moja kwa Ngomeni na kutwa nzima kwa ufuo. Zigeuzwe. Wanafunzi wetu tayari hulala katika mabweni ya shule za huko wakati wa likizo, na kuwatembeza mjini asubuhi mbili badala ya moja hakuongezi nauli ya basi. Kwa wasimamizi wa makumbusho ya taifa: wakati wa likizo za shule itengwe siku moja ambapo familia za Wakenya wataingia Fort Jesus na Gede bila malipo, na itangazwe mapema vya kutosha ili mtu wa Busia aweze kupanga safari yake kuifuata. Najua majengo ya kale hula pesa nyingi za ukarabati, lakini siku moja katika likizo haitayaangusha.

Na kwenu, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mnapochapisha habari za hoteli zilizojaa, tafuteni nafasi pembeni mwa ukurasa huo huo mwandike nauli ya treni na ya basi ya wiki hiyo kutoka Kisumu, Kakamega na Nakuru, kiingilio cha raia katika kila makumbusho ya Pwani, na bei ya kitanda katika gesti ya kawaida ya Mombasa, Malindi na Lamu. Mnao waandishi katika miji hiyo yote, na kazi hiyo haitawachukua zaidi ya asubuhi moja ya kupiga simu. Ikiwezekana ianze na likizo ya Agosti, na ichapishwe angalau wiki tatu kabla ya shule kufungwa, kwa kuwa tiketi za treni haziwangoji wanaosoma gazeti la siku ya kusafiri.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili na Historia,
Mumias, Kaunti ya Kakamega